Maji Ambayo Mwalimu Mbithe Alikataa Kuyamwaga

Kabla sijaandika lolote kuhusu mashua ya Kimeu, naweka mpaka. Upande mmoja ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoyashika kwa mikono na niliyoyaonja kwa ulimi. Upande wa pili ni yale niliyoambiwa. Nimeambiwa kwamba mashua ile ilifika Ushelisheli na kwamba wenyewe wamefungua duka huko. Nimeambiwa, na mtu mwingine aliyeapa kwa kaburi la babake, kwamba ilizama hata kabla Kilifi haijapotea machoni. Nimeambiwa pia kwamba haikuwa mashua bali safina ya dhehebu lililokuwa likingoja gharika. Hakuna hata mmoja kati ya wasimulizi hao aliyewahi kupanda ngazi ya mashua ile. Mimi niliipanda. Kwa hiyo, vijana mnaojifunza kuchomelea chuma katika karakana za Machakos, mtapata hapa upande wa kwanza tu, na utakapokwisha nitanyamaza.

Nianze kwa kusahihisha jambo dogo. Mji mzima ulimwita Kimeu "Kapteni". Hakuwa kapteni. Alikuwa injinia wa meli za mizigo, mtu wa chumba cha mitambo, aliyestaafu akarudi kwao pembezoni mwa mji na kuanza kuunda mashua ya chuma uani kwake, nyuma ya zizi la mbuzi. Alipoulizwa kwa nini anaundia mashua mahali ambapo hata mto hupitisha mchanga zaidi ya maji, alijibu kwamba chuma hakijui kiko wapi, na mafundi anaowaamini wako Machakos. Jibu hilo nililisikia likitoka kinywani mwake.

Kazi yangu ilikuwa matangi ya maji. Niliifanya tangu nilipotoka chuo cha ufundi hadi macho yalipokataa kuutazama moto. Ninyi leo mnanunua matangi ya plastiki yaliyokwisha kutengenezwa, nami siwalaumu, ni mepesi na hayashiki kutu. Lakini zamani zetu kila shule na kila kanisa lenye paa la mabati lilihitaji tangi la chuma, na mkuu wa kazi hiyo katika karakana yetu alikuwa Mzee Nzau. Nilikuwa na cheti. Nzau alikuwa na cheti cha zamani zaidi na alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko mimi, hivyo hamtanisikia nikisema kwamba alijua kwa kubahatisha. Alijua kwa sababu alipima, kisha akapima tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga mshono kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mahali sauti inapofifia. Alinifundisha pia kupaka chokaa upande mmoja wa mshono na mafuta ya taa upande wa pili. Palipo na tundu, hata liwe dogo kuliko ncha ya sindano, mafuta hupenya na doa hujitokeza kwenye chokaa. Ni kipimo kizuri sana, ila kina kasoro moja. Tuliwahi kulipima hivyo tangi la shule moja ya wasichana, tukaliosha haraka haraka, tukaenda zetu. Kwa muda mrefu chai ya shule hiyo ilinuka kama kandili. Mwalimu wa sayansi ya nyumbani alimwalika Nzau jikoni kwake, akamtilia kikombe, akaketi mbele yake na kumtazama akikinywa hadi tone la mwisho. Tangu siku hiyo, matangi ya maji ya kunywa tuliyapima kwa pampu ya hewa na povu la sabuni.

Mwalimu huyo aliitwa Mbithe, naye ndiye mke wa Kimeu. Sasa mnaelewa kwa nini, mashua ilipofikia hatua ya kutiwa tangi, karakana yetu iliitwa kwa heshima na kuchungwa kwa makini.

Ningependa muione mashua ile jinsi nilivyoikuta. Kimeu aliniongoza ndani yake kama mtu anayemtembeza mgeni shambani. Kila tundu lililotobolewa chini ya mstari wa maji, liwe la bomba la choo au la kupoza injini, lilikuwa na kigingi cha mbao laini kilichofungwa kwa kamba kandokando yake, ili bomba likikatika mkono usipoteze muda kutafuta. Nyaya za chuma zinazoushikilia mlingoti alizipitishia pamba kutoka juu hadi chini. Palipokuwa na uzi mmoja uliokatika, pamba ilinasa. Alinifumba macho kwa kitambaa mchana kweupe, akaniambia nimpe bisibisi. Niliikosa. Akajifumba yeye, akaifikia bila kupapasa. Nimefanya kazi na watu wengi waliojisifu kuwa waangalifu. Kimeu hakujisifu, na sikuona kitu hata kimoja ndani ya mashua ile kilichowekwa mahali kwa sababu tu hapakuwa na mahali pengine.

Mchoro wake wa tangi ulionyesha chombo kirefu, kifupi kwa kimo, chini ya sakafu, na ndani yake kuta mbili za chuma zenye matundu, za kuyazuia maji yasikimbie kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nzau aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Injinia," akasema, "hizi kuta zitakuzuia kulisugua. Tangi lisilofikiwa na mkono litajaa matope, na nyinyi mtakunywa hayo matope mkiwa mbali na kila mtu."

Kimeu alipinga kwanza. Kisha Nzau akamkumbusha utoto wake. Kila mmoja wetu alikuwa ametiwa ndani ya tangi la nyumbani akiwa mdogo, kabla ya mvua za Oktoba, akiwa na brashi na ndoo, kusugua utelezi na mchanga ulioletwa na mabomba ya paa. Anayekulia katika nchi ya ukame haogopi tangi tupu peke yake, huogopa pia tangi chafu. Matangi ya meli ambazo Kimeu alizihudumia yalikuwa marefu kama kanisa na kuyasugua hakukuwa kazi yake. Akakubali. Tulitengeneza tangi lisilo na kuta za ndani, lenye mlango mpana juu yake unaopitisha kichwa, mabega na mikono ya mtu, tukalipaka uji wa saruji ndani ili chuma kisitie ladha, tukalipima kwa povu. Lilikuwa tangi zuri. Nalisema hilo bila kejeli. Kwa nyumba isiyotembea, lilikuwa tangi zuri.

Mwalimu Mbithe hakuwa ameahidi kusafiri. Mume wake naye alikwisha kutangaza, mbele ya wanawe na mbele yetu, kwamba bila mke wake hataondoka. Kwa hiyo kazi ya miaka yote ile uani, chuma chote na rangi yote, ilingoja neno la mama mmoja. Neno lenyewe alilitoa kwa masharti. Wangeishi ndani ya mashua pale pale nyuma ya zizi, bila kukanyaga ardhi, wakila kilichopakiwa na kunywa kilichomo tangini, hadi atakaporidhika.

"Yeye anajua bahari," aliniambia akiwa juu ya sitaha, nami chini na mbuzi. "Mimi najua kiu."

Watu walikuja kutazama. Jirani mmoja, muuza viazi aliyehamia kutoka Murang'a, alisimama kwenye ua kila jioni kuuliza mvua itaanza lini. Mwalimu alimjibu kwamba ikianza watamwita aje asukume. Lakini mimi nilikwenda kujifunza, si kucheka. Nilimwona akichanganya chumvi kwenye pipa na kuliita bahari, kisha akaosha vyombo vyote kwa maji ya pipa hilo ili asiguse ya tangi. Nilimwona akiacha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ambayo kila jikoni ya Ukambani huyategemea, kwa sababu yalikunywa maji mengi na gesi nyingi kabla ya kuiva. Akaweka ndengu mahali pake, akaziloweka kwenye chupa ya chai usiku ili asubuhi zibaki kuchemka kidogo tu. Karatasi za mikebe alizibandua zote, akaandika kwa rangi juu ya bati, maana karatasi zikilowa huziba pampu ya kutolea maji chini ya sakafu. Majani ya kunde aliyakausha kivulini, maembe akayakausha juani. Aliporidhika na chakula na maji, tangi lilikuwa limefika nusu, naye akashuka ngazi na kusema mashua ipelekwe Kilifi.

Hapo ndipo jambo ninalotaka kuwafundisha lilipoanza.

Kreni ilipofika kuipakia mashua kwenye trela, dereva wa trela, kijana mmoja wa Thika aitwaye Njoroge, alitaka tangi litolewe maji kwanza. Mzigo ungekuwa mwepesi. Lilikuwa ombi la haki kabisa. Mwalimu Mbithe akamwuliza kama anajua mwaka ule mvua ilinyesha mara ngapi Machakos. Njoroge akasema hajui.

"Basi mimi najua, na simwagi."

Kimeu alinitazama, mimi nikamtazama Nzau, naye Nzau akavitazama vilima vya Iveti. Hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mtu amwage maji safi ya mvua ardhini. Hatukulelewa hivyo. Mashua ikaondoka ikiwa na nusu tangi.

Tulifuata nyuma kwa pikapu. Barabara ya kuteremka hadi Kyumvi, pale inapoungana na barabara kuu ya Mombasa, ina kona na miteremko, na Njoroge aliendesha kwa adabu. Alipofika makutanoni alisimama, akashuka, akatusubiri akiwa ameshika kofia yake.

"Mzee," alimwambia Kimeu, "hii mzigo iko na mtu ndani. Nikifunga breki, anagonga."

Vijana wa pale stendi walikwisha kuizunguka trela. Mmoja, kwa lafudhi yake mtu wa Mavoko, alinisalimu, "Niaje buda," kisha akauliza kama ni mashua iliyopotea bahari au ni bahari iliyopotea. Nilikuwa nikimtazama Nzau.

Nzau hakuuliza mtu alichosikia. Alipanda juu ya trela, akaweka shavu lake kwenye ubavu wa mashua, akamwambia Njoroge asogee mbele taratibu kisha afunge breki. Kishindo kizito kikasikika ndani. Akamwambia arudie. Kisha arudi nyuma na afunge tena. Sasa sauti ikatoka upande wa pili. Baada ya hapo akaingia ndani ya mashua, nami nikamfuata. Tulifungua sakafu. Kwenye mshono wa mbele wa tangi, mahali ambapo povu la sabuni halikuwahi kutoa hata kipovu kimoja, palikuwa na unyevu mwembamba kama jasho.

Kwenye barabara ya lami, kwa mwendo wa ng'ombe, maji ya nusu tangi yalikuwa yameanza kuubomoa mshono. Bahari haitikisi mara chache tu. Huyumbisha mchana na usiku.

Nzau alishuka polepole. Sote tulingoja, pamoja na vijana wa stendi.

"Tumelipima tangi likiwa limelala," akasema. "Mwalimu amekaa juu yake siku zote hizo likiwa limelala. Zile kuta nilizitoa mimi. Injinia, mchoro wako ulikuwa sawa."

Kimeu hakumlaumu. Alisema jambo la akili. Tangi likijaa pomoni, maji hayana nafasi ya kukimbia. Wangeenda hadi Kilifi, wazibe mshono, walijaze, waondoke, kwa sababu majira ya upepo wa kumfaa yalikuwa yakiisha, na akiyakosa angengoja hadi mwaka mwingine.

Mwalimu Mbithe alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wasichana darasani.

"Na tukishakunywa," akauliza, "litabaki limejaa?"

Kisha akamgeukia mume wake.

"Sina ugomvi na bahari, baba Mueni. Niko na ugomvi na hilo tangi. Likitengenezwa, naenda na wewe. Lisipotengenezwa, narudi nyumbani na hiyo pikapu."

Vijana, wapo wakuu wa kazi ambao hapo wangeanza kujitetea. Nzau alikwishavua koti. Alinituma nikatafute gereji yenye umeme na nafasi ya trela, nikaipata mita chache kutoka makutanoni. Maji tuliyatoa kwa mpira na kuyatia kwenye mitungi tuliyoazima kwa akina mama wenye vibanda vya chakula, na Mwalimu alisimama hapo akihakikisha kila mtungi umefunikwa. Njoroge aliomba ya kutia kwenye rejeta ya lori. Akapimiwa kwa kikombe.

"Mama," akasema, "ni bahari mnaenda ama ni jangwa?"

"Ukifika katikati," akamjibu, "hakuna tofauti."

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyofanywa, maana hapa ndipo nilipomheshimu Nzau kuliko siku zote. Wengine wetu tungechomelea zile kuta mbili kama mchoro ulivyotaka, tukamaliza. Yeye alikataa. Alisema hoja yake ya usafi haikuwa ya uongo kwa sababu tu ile nyingine ilikuwa ya kweli. Alikata kila ukuta katika vipande viwili vinavyoweza kupita mlangoni mwa tangi, akakata pembe za chini ili maji yapite taratibu na pembe za juu ili hewa ipite, akatoboa matundu katikati. Kisha akachomelea ndani ya tangi mabano madogo tu, na kuta zenyewe zikafungwa kwa bolti. Ukitaka kusugua, unafungua, unazitoa, unasugua, unazirudisha.

Mabano hayo yalihitaji mtu kuingia kichwa na mabega ndani ya tangi. Msiige jambo hili bila kuelewa. Moshi wa kuchomelea ndani ya chombo kilichofungwa humlaza mtu bila kumwonya. Tuliazima feni ya kupulizia makaa kutoka kwa mfua vyuma wa pale, tukaiunga kwa mpira mpana, tukapuliza hewa ndani wakati wote, na mimi nilimshika Nzau mkanda wa suruali. Tulikubaliana kwamba kila baada ya fimbo moja ya kuchomelea atatikisa mguu, usipotikisika, namvuta. Nilimwomba niingie mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kwake. Sauti yake ilitoka tangini kama ya mtu kisimani.

"Mutuku, wewe shika mkanda."

Nilishika mkanda. Mguu ulitikisika kila mara.

Mshono wa mbele tuliusaga na kuuchomelea upya, tukaongeza kipande cha chuma nyuma yake. Palipoungua tulipapaka uji wa saruji tena, tukalala Kyumvi hadi saruji ikakauka barabara, tukapima kwa povu. Mwalimu alinusa ndani ya tangi kabla ya kuruhusu mitungi imiminwe. Alimtazama Nzau kidogo, na nadhani wote wawili waliikumbuka ile chai. Kisha maji yakarudi yalikotoka, nusu tangi ile ile, kasoro kikombe cha Njoroge. Trela ikasogezwa, breki zikafungwa, mbele na nyuma. Njoroge akatoa kichwa dirishani.

"Ameshuka," akasema.

Nzau hakuja Kilifi. Kulikuwa na matangi mengine ya watu. Lakini aliniita kando, akaniambia niende na mashua hadi mahali bahari inapoitikisa, nikae karibu na tangi, kisha nirudi nimwambie.

"Usiniletee maneno ya Injinia, wala ya watu wa huko. Uniletee yako."

Mashua ilitiwa majini, mlingoti ukasimamishwa, na kwa muda Kimeu alirudia kila kipimo alichokifanya uani, sasa vitu vikiwa vinayumba. Kigingi kimoja kilikuwa kimevimba kwa unyevu, akakibadilisha. Kamba moja ya tanga ilikuwa ikisuguana na ukingo wa chuma, akaivika kipande cha ngozi. Alinionyesha alama ya msuguano huo wakati jicho langu halikuwa limeona kitu. Siku ya majaribio Mwalimu alikataa tangi kujazwa kwanza. Alitaka liwe nusu, kama lilivyokuwa Kyumvi, kwa sababu nusu ndiyo iliyokuwa imetudanganya.

Tulitoka kwenye mlango wa ghuba Kimeu akiwa kwenye usukani. Mimi na Mwalimu tulikaa chini sakafuni, ubao umeinuliwa, tangi likiwa wazi mbele yetu. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mawimbi ya nje ya mwamba yakaifikia mashua, ikainama upande mmoja, ikasimama, ikainama upande wa pili, nami nikashika mguu wa meza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili niliuweka juu ya tangi. Mwalimu aliweka wake kando ya wangu.

Nilihisi maji yakiondoka, yakafika kwenye ukuta wa kwanza, yakapungua, yakapita kwenye matundu, yakafika kwenye wa pili yakiwa yamechoka. Kishindo hakikuja. Mashua ikainama tena, kwa nguvu zaidi, hata sufuria zikavuta kamba zake. Maji yakapita vile vile. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa mbele, kotekote. Kidole kilirudi kikavu.

Mwalimu Mbithe alikaa vile hadi aliporidhika, na yeye hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Kisha akaondoa kiganja chake juu ya tangi, akakifuta kwenye leso, akamwita mume wake kwa sauti ya kawaida.

"Baba Mueni. Naenda."

Akafungua mfereji, akanipa kikombe, mimi wa kwanza. Yalikuwa maji ya paa lao la Machakos. Hayakuwa na kutu, hayakuwa na mafuta ya taa. Niliyanywa yote.